Radhamés Tejada na Vyumba Arobaini

Aliyelala mbele yenu ni Radhamés Tejada Polanco, mdogo wangu. Nimeombwa niyasome maisha yake kwa kuwa mimi, Nereida, ndiye mkubwa. Nitasoma tu. Machozi hayajaja, na sijui yamekwama wapi.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Machi 1958 huko Imbert, mkoa wa Puerto Plata, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa wazazi wetu, Don Persio na Doña Fefa. Alisoma shule ya msingi palepale Imbert, na sekondari akamalizia Puerto Plata mwaka 1976. Hesabu alizipenda; kuamka mapema, hapana.

Mwaka 1979 alianza kubeba mizigo ya wageni katika hoteli moja kubwa ya ufukweni, akapanda hadi mapokezi. Mwaka 1984 alifunga ndoa na Yocasta, mpishi wa hapohapo, wakajaliwa Wilkin na Esmirna. Baba alipofariki mwaka 1991, nyumba ya wageni aliyotuachia Puerto Plata iligawanywa kwa ukuta. Radhamés alipata upande wa barabara, vyumba ishirini na sita. Mimi nilipata upande wa bahari, kumi na vinne.

Mwaka 2004 kampuni moja ya Ulaya, yenye hoteli katika nchi nyingi, ilikuwa tayari kumpa jina lake alitumie, ila haichukui hoteli yenye vyumba chini ya arobaini. Akaniomba vyangu. Nikakataa. Akakopa benki, akajenga ghorofa ya tatu harakaharaka, na bango la kampuni likapanda.

Kusema kweli, alipata. Januari hadi Aprili hakuwa na kitanda kitupu, na mimi nikijaza nusu nashukuru. Lakini kampuni ilikata chake kwa jina, kwa matangazo, na kwa kila mgeni iliyemleta. Hata ndizi za kuponda za Yocasta iliziondoa kwenye kifungua kinywa. Kila mkesha wa Krismasi, nguruwe akiwa motoni, tulirushiana vijembe.

"Dada, kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nanunua shuka kwa lori! Wewe unawajua wageni wako mpaka majina ya mbwa wao, na paa linavuja."

"Chawa ni hao wa kampuni, wanakunyonya. Wewe ni mpangaji ndani ya hoteli yako mwenyewe!"

Mwaka 2017 nguzo za ghorofa ya tatu zilianza kupasuka. Fundi alichanganya zege kwa mchanga wa pwani, na chumvi ilikuwa imekula nondo. Manispaa ikaifunga ghorofa. Radhamés akabaki na vyumba vyake ishirini na sita vya zamani, na mkopo ukabaki palepale. Kampuni ikampa hadi mwisho wa Machi mwaka huu afikishe arobaini tena, la sivyo ishushe bango.

Kisukari alikuwa nacho siku nyingi. Mwaka jana figo zilishindwa, akawa anakwenda Santiago kusafishwa damu. Mwezi uliopita, kitandani hospitalini, aliniuliza:

"Dada, huna vyumba vya kuniazima?"

"Pona kwanza, tugombane vizuri."

"Una kichwa kigumu kuliko zege langu."

"Zege lako? Usilitaje mbele za watu!"

Alicheka mpaka muuguzi akatufokea. Alifariki asubuhi ya tarehe 12 Februari 2019.

Ameacha mjane, Yocasta; watoto wake Wilkin na Esmirna; wajukuu watatu; wafanyakazi wa hoteli wasiojua kama Aprili watakuwa na kazi; na mimi.

Yocasta, wifi yangu, bado nasema mumeo alikosea. Hoteli ni mwenyewe kukaa barazani na wageni wake, na hilo sitalibadilisha. Lakini sina tena wa kubishana naye. Tangu juzi nakaa upande wangu, upande wa pili kimya, na sisikii chochote moyoni. Tukimaliza siku tisa za sala, waite mafundi waubomoe ukuta. Vyumba vyangu kumi na vinne ni vyenu.

Radhamés, umeshinda. Pumzika sasa.