Kura Moja ya Leicester

Benchi lenyewe liko nje ya duka la mikate pale Thorncliffe Park, linatazama kituo cha basi, na kila Jumamosi asubuhi lina wenyewe. Abdulsultan, ambaye kijiweni anaitwa Balozi, huja na gari kutoka Unionville kwa sababu nyumbani mkwewe hataki kelele, naye ndiye mwenye chupa ya kahawa ya tangawizi. Mogaka, au Spika, ni muuguzi. Hutoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku, macho mekundu lakini mdomo mzima. Wa tatu ni Mervyn, Mgoa wa Nairobi aliyekaa Leicester, Uingereza, ujanani kabla ya kuhamia huku Canada, na kwa hadithi zake za huko wakambatiza Mzee Lesta. Jumamosi hiyo Mzee Lesta hakutulia. Alikaa, akasimama, akakaa tena, mkono hautoki kwenye mfuko wa koti. Mfukoni mlikuwa na bahasha. Uingereza ilikuwa imebadilisha sheria, raia aliyehama hata zamani za kale anaruhusiwa kupiga kura, na karatasi yake ya kura ilikuwa imemfikia jana, kwa kuchelewa. Isipotumwa leo, haifiki.

— Itoe tuione, alisema Mogaka. Ama ni siri?

— Kura ni siri, bana.

— Siri gani, Mzee? Hii ni kura ya kijiwe. Hizo story za Leicester si tumezisikiliza sisi?

Mervyn akaitoa. Majina yalikuwa mengi, na hakulijua hata moja. Aliona haya kidogo, maana miaka nenda miaka rudi amekuwa akiwachambua wanasiasa wa Uingereza kwenye benchi hilo kama watoto wa shangazi yake.

— Majina yasikusumbue, alisema Balozi akimimina kahawa. Waziri mkuu wa kule ni mpangaji tu. Mwenye nyumba ni yule paka.

— Paka gani tena?

— Paka wa ofisini kwa waziri mkuu! Wakubwa wameingia, wametoka, yeye yupo. Unadhani siri za nchi anazo nani?

— Manze, Balozi, paka hasomi.

— Na hao waliofukuzwa, walikuwa wanasoma?

Mogaka alicheka mpaka kahawa ikamwagika gotini, kisha akajiweka sawa, maana naye alikuwa na lake.

— Mimi nawaambia hao wote ni watu wa kibarua. Asubuhi unapigiwa simu: leo kuna zamu ya waziri mkuu, una nafasi? Unaenda, unaharibu, jioni unarudi kwenu. Na mwenye kugawa zamu ni nani? Mfalme. Huyuhuyu wa kwenye hela zetu hapa. Ndiyo sababu dola haikai mfukoni. Inamrudia mwenyewe!

— Sasa hapo umesema, alikiri Balozi. Basi Mervyn, mpigie aliyeahidi kupunguza foleni za hospitali.

— Wote wameahidi.

— Basi mpigie ambaye hakuahidi kitu. Huyo hawezi kukudanganya.

— Ampigie wa kuwarudisha Ulaya! alisema Mogaka. Waliotoka huko walitoka kwa hasira tu.

Mervyn hakucheka. Mwaka ule wa kura ya maoni, Waingereza walipoulizwa kama watoke Umoja wa Ulaya, yeye hakuruhusiwa kupiga. Dada yake Gail, aliyebaki Leicester, alipiga, na alichagua kutoka. Mervyn akampigia simu akamfokea: wewe uliyeingia nchi ile na sanduku moja kutoka Nairobi, leo unawafungia wenzako mlango? Gail akakata simu. Tangu siku hiyo ni kadi za Krismasi tu, zenye jina na basi. Kijiweni hakuwahi kulitaja. Sasa alikuwa na kura katika eneo lilelile la Gail, na ukweli ni kwamba usiku kucha hakuwa akiwaza Uingereza wala Ulaya. Alikuwa akiwaza kuifuta kura ya dada yake kwa ya kwake, na wazo lilimnogea.

— Nipe kalamu, alisema.

Mogaka alikuwa akijipapasa mifukoni aliposogea mwanamke mwenye mifuko ya ununuzi, aliyekuwa akingoja basi.

— Pardon, baba zangu. Nimesikia Kiswahili, nikaona nisalimie. Miye Pulchérie, wa Lubumbashi. Tumehamia juzi kwa ile jengo. Ile kura ni ya wapi?

— Ya Uingereza, mama, alijibu Mogaka kwa maringo. Leicester.

— Na papa anaishi hapa?

— Hapa hapa.

— Bon. Na kule, papa, kuko mutu wako?

— Dada yangu, alisema Mervyn kabla hajajizuia.

Wenzake wakamgeukia. Dada? Miaka yote hii?

— Aah. Na yeye, dada, ana haja ya nini?

Balozi alishika chupa kumimina, ikatoa tone moja. Mervyn hakujua kama Gail bado anapanda ngazi, kama yumo kwenye foleni ya hospitali, kama majira ya baridi anathubutu kuwasha joto la nyumbani, ghali lilivyo. Alijua kura aliyopiga tu. Alimkumbuka dada yake, na ilimuuma.

Basi lilifika, Pulchérie akawaaga na kupanda.

— Mzee, alisema Mogaka polepole, akinyoosha kalamu. Posta inafunga saa sita.

Mervyn hakuipokea. Alitoa simu, akafungua kipaza sauti kwa sababu masikio yake yamechoka, akampigia Gail. Kule ilikuwa alasiri. Iliita sana, wote watatu wakiikodolea macho kwenye kiganja chake, mpaka ikapokewa.

— Mervyn? ilisema sauti ya mwanamke mzee, tayari imejaa hofu. Mervyn, nani amekufa?