Tawi la Mwombo wa Lukolwe

Leo, tarehe 30 Juni, Mzee Kapalu Sachilombo anastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya kuwa mkwea miti katika Ushirika wa Warina Asali wa Kalwilo. Ana umri wa miaka sitini na mitatu na nyonga moja nzima. Mwenyekiti wetu, Mama Kakoma, aliponikabidhi kazi ya kuandika wasifu huu alisema, "Kasweka, andika kwa uchangamfu, watu watakuwa wanakula." Nitajitahidi mpaka pale nitakaposhindwa.

Mzee Sachilombo alijiunga nasi wakati Ushirika ulikuwa na mizani moja na baiskeli mbili, moja haina breki. Gome la mzinga wake wa kwanza alilibandua mwenyewe, akalishona kwa vijiti, akaziba ncha zake kwa nyasi zilizosukwa, akaupandisha mzinga mtini. Nyuki waliingia siku ya nne. Tangu hapo ametundika mizinga zaidi ya elfu moja katika msitu huu, na hakuna hata mmoja ulioanguka kwa sababu ya mti mbovu. Kuujua mti ndiko kulikompa jina. Aliugonga kwa mgongo wa panga, akasikiliza, akawatazama siafu wanapopita, kisha akatoa hukumu. Kila Septemba watu walitoka vijiji vya mbali kuja kumchukua akawachagulie miti. Walimngoja barazani kwake kama wanaongoja zahanati ifunguliwe.

Mwili wake umelipa. Vidole vya mkono wa kulia havifumbati tena. Jicho la kushoto limefifia kwa moshi, na ngozi ya miguu yake imekuwa gome kwa kukwaruzana na magome. Msimu mmoja aliumwa na nyuki usoni hadi mbwa wake mwenyewe akambwekea, na sisi tukacheka, Mungu atusamehe. Mkewe, Mama Nyakalenga, ambaye kila jioni alikuwa akimkwangua miiba kwa kisu butu, alikuwa na neno lake: "Wenzangu waliolewa na wanaume. Mimi niliolewa na mzinga."

Niliwahi kumuuliza kwa nini haachi. Ilikuwa mwaka waliomzika binti yao wa pili. Kanisani hakuwa akienda, chakula hakikuwa kikipita kooni, lakini mitini alipanda. Tulikuwa tumekaa chini ya mti tukila nshima baridi, na yeye alikuwa ameweka sega la kwanza juu ya jani penye mizizi, kwa ajili ya waliotutangulia, kama afanyavyo siku zote.

"Kule juu naweka sikio kwenye mzinga," alisema. "Mle ndani kazi inaendelea, Kasweka. Haiulizi nani amekufa. Nasikiliza mpaka na mimi nipate nguvu ya kushuka."

"Kumbe unapanda ili ushuke?"

"Wewe cheka tu. Ni kanisa lisilopitisha kikapu cha sadaka."

Sikucheka. Siku ile alimaliza nshima yake yote.

Kwa miaka kumi na tisa mimi nilikuwa mtu wake wa chini, nikimwita tata, yaani baba. Wasiojua kazi yetu hudhani mtu wa chini anashika ndoo tu. Mtu wa chini huwasha kienge cha moshi, hupokea asali, na juu ya yote huandaa kamba, ile ya gome ambayo mpandaji huizungusha kwenye shina na kiunoni mwake. Kamba hiyo hulazwa majini. Ikiwa kavu, kwa macho ni nzima, lakini ikikunjwa huku imebeba uzito hukatika. Na mpandaji haikagui. Kwetu, anayekagua kamba amemtukana aliyeiloweka.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi Novemba, Mzee Sachilombo alianguka kutoka kwenye mti mkubwa wa mwombo kando ya kijito cha Lukolwe. Taarifa ya Ushirika inasema alishika tawi bovu likavunjika. Taarifa hiyo niliiandika mimi, kwa mkono huu unaoandika haya.

Ni uongo. Siku iliyotangulia nilishinda kutwa kwenye mbote ya shemeji yangu, pombe ya asali, na mbote ile ilikuwa nzuri. Asubuhi nikaiteremsha kamba kutoka darini juu ya jiko, ilikokuwa imening'inia wiki nzima, nikampa. Nilijua. Nilijiambia mara moja tu haidhuru. Aliipokea, akaniamini, akapanda. Alikuwa bado hajafika kwenye tawi lolote nilipoisikia ikikatika.

Nilimkuta amelala ubavu. Alikuwa ameshika kipande cha kamba, akikipapasa ncha kwa kidole gumba. Kilikuwa kikavu kama ukuni. Nilianza kulia.

"Acha kelele," alisema. "Tawi lilikuwa bovu."

"Tata, ni kamba. Ni mimi."

"Mtu aliyemwangusha mpandaji hapewi kamba tena na mtu yeyote, unalijua hilo. Una watoto wanne. Tawi lilikuwa bovu. Umesikia?"

"Ndiyo, tata."

"Basi choma hicho kitu."

Nikakitia kwenye kienge kikaungua. Kisha nikamfunga kwenye baiskeli nikamkokota hadi zahanati, na njia nzima hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nyonga haikupona, na hakupanda tena. Lakini lililomvunja zaidi lilikuja baadaye. Mpandaji asiyelijua tawi bovu, nani atamwachia amchagulie mti? Septemba iliyofuata alioga mapema, akavaa shati safi, akakaa barazani na panga lake. Hakuja mtu. Alikaa hivyo mwezi mzima. Kwenye mbote watu walimtania: "Sachilombo, njoo ukague kiti hiki kisije kikawa kimeoza!" Naye alicheka pamoja nao. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nikanywa, nikanyamaza. Mwaka uliofuata nilipandishwa cheo, nikawa katibu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wiki iliyopita nilikaa kuandika kwamba anastaafu "kutokana na ajali iliyosababishwa na tawi bovu", na mkono ulikataa. Sikumwomba ruhusa ya kuandika haya, maana angeninyima. Ushirika uamue juu yangu utakavyo, sitateta.

Najua mtauliza mbona hakuna aliyegundua. Mnajua wenyewe: mti uliomwangusha mtu haukaribiwi tena. Miaka mitatu hakuna aliyekanyaga pale. Jumamosi nilivunja mwiko nikaenda. Lile tawi liko pale pale, nene kuliko paja, limejaa majani mabichi ubavuni. Mzinga aliokuwa akiufuata bado umelala juu yake, na nyuki wanaingia na kutoka. Nenda nawe ukaangalie, ndugu yangu uliyemtania, ukimaliza kula.

Mzee Sachilombo, kwa niaba ya Ushirika nakushukuru kwa miaka thelathini na minane. Kwa niaba yangu sina neno la kutosha. Tunakuombea wewe na Mama Nyakalenga siku za amani, chakula kinachopita kooni, na Septemba yenye wageni wengi. Ikifika, oga mapema, tata, uvae lile shati. Hujawahi kukosea mti. Ulikosea mtu wa chini.