Jibu la Swali la Tisa: Maisha ya Dada Yetu, "Profesa"

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Juni 1963, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mama mshonaji na baba mlinzi wa ghala. Wa pili ni mdogo wake, anayesoma wasifu huu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1971 hadi 1977, na sayansi ndiyo ilikuwa roho yake. Katika mtihani wa mwisho, swali la tisa liliuliza: mwezi huonekana usiku tu, kweli au si kweli? Akaandika si kweli. Mwalimu akamkata kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa kitabu kilisema kweli.

"Mwalimu, si ule pale juu ya choo cha wavulana?" akauliza, akinyoosha kidole dirishani.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, na mwezi ulikuwepo. Mwalimu hakugeuka hata kutazama. Marehemu alipigishwa magoti kwa ubishi, na sekondari akaikosa kwa alama moja. Alama moja, jamani!

Mwaka 1984 aliajiriwa chumba cha kufulia cha hospitali, akasimama mbele ya mashine miaka thelathini na tisa. Kila Jumamosi mchana watoto wa wafanyakazi walizunguka meza yake ya kupigia pasi kurudia masomo ya sayansi. Chungwa lilikuwa dunia na balbu ikawa jua. Barafu, maji na birika vilitosha kuwaonyesha yabisi, kimiminika na gesi, kisha wakamalizia na mwili wa binadamu, kila mmoja akishika mshipa wake na kuhesabu mapigo. Waliofaulu kwa mkono wake ni wengi. Yeye mwenyewe hakuwa na cheti.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na fundi bomba aliyekuja kuziba bomba la mvuke lililovuja kazini kwake. Fundi alipoonya watu wajihadhari na ule mvuke mweupe, Marehemu alimwambia mvuke wenyewe hauonekani, ule mweupe ni matone ya maji. Walibishana wiki nzima. Shemeji husema, "Nikaona heri nimuoe, maana kumshinda nisingeweza."

Februari mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba, na akawa halali bila mito mitatu. Machi alikwenda zahanati. Alimweleza tabibu vizuri kabisa: moyo ni pampu, pampu ikichoka maji hujaa miguuni na kifuani, kwa hiyo naomba nipimwe moyo.

"Mama, hapa daktari ni nani?" tabibu akamjibu. Akamwandikia dawa za maumivu ya magoti.

Mei alirudi, safari hii akisindikizwa na mdogo wake. Majibu yakawa yale yale. Alipoanza kubisha, mdogo wake alimvuta mkono na kumwambia, "Dada, mwachie mwenye kazi yake. Asiyekubali kushindwa si mshindani." Tena alicheka. Marehemu alichukua karatasi ya dawa, wakarudi nyumbani. Julai alikwenda peke yake.

Tarehe 30 Septemba alilazwa hospitali kubwa, na siku hiyo hiyo alipimwa moyo. Alikuwa amesema kweli tangu Machi. Daktari akatuambia, "Tatizo mmemchelewesha. Angekuja mapema."

Alikuja, daktari. Alikuja mara tatu.

Alifariki Jumatatu, tarehe 21 Oktoba 2024, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Familia inawashukuru wauguzi waliomhudumia. Shukrani nyingine hazitoki, na hatutazilazimisha.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, wajukuu wawili, na mdogo wake, ambaye hakuwahi kumwomba radhi akiwa hai na anamwomba leo mbele yenu.

Jana asubuhi mdogo wake alitoka nje na kutazama juu. Kwa hesabu alizotufundisha Marehemu, leo pia saa tatu hii mwezi utakuwepo upande wa magharibi, nusu yake. Kabla hatujatia udongo, tafadhali tugeuke sote tuutazame.

Dada, swali la tisa umepata. Na lile la moyo ulipata. Lala salama, hakuna atakayekukata tena.