Mwalimu Aambiwe, Asiambiwe

Fundi cherehani alikuwa amefumba macho kwenye treni ya asubuhi, lakini masikio hayana kope. Kiti cha mbele, mama aliyempakata binti yake mwenye sare mpya alikuwa akibishana na kinyozi waliyekutana humo humo.

"Kifafa usikitangaze shuleni, dada yangu," kinyozi alisema.

"Na akianguka darasani? Leo namweleza mwalimu: amlaze ubavu, amwekee kitu laini chini ya kichwa, asimtie chochote mdomoni. Ikipita dakika tano, hospitali mbio."

"Mdogo wangu tulikuwa tunamnusisha kiatu. Anaamka!"

"Angeamka tu, kaka, hata bila harufu ya miguu yenu."

Fundi aliuma mtandio asicheke. Kinyozi mwenyewe alicheka, kisha akashusha sauti. "Shule ilipojua, walimrudisha nyumbani moja kwa moja. Ndiyo maana nakwambia."

Mama akamkumbatia binti yake kwa nguvu. Fundi naye akafumbua macho.

"Mimi nakunywa dawa kila siku," mtoto alidakia. "Na rafiki yangu nimeshamwambia."

Mama alishtuka. "Akasemaje?"

"Akasema yeye anaogopa kuku."

Behewa zima likaangua kicheko, na fundi, aliyekuwa akijifanya amelala, akacheka kuliko wote. Treni ikasimama. Mama akashuka na binti yake, hatua zake nyepesi.

"Lakini mwalimu si rafiki!" kinyozi alipaza sauti dirishani.

"Basi leo tutamfanya awe!" mama alijibu, bila kugeuka.