Wilf Tranter, Mtu Aliyekubali Kubonyezwa

Wapendwa wa karakana pamoja na familia zenu, hamjambo? Natumaini baridi hii ya Machi haijawalaza, na Bwana anawalinda. Mimi ni mzima, ila nimeduwaa. Wilfred Tranter wa chumba cha kanda anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Machi 1996, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Nimeombwa niandike habari zake, nami si mwandishi, kwa hiyo mnivumilie.

Wilf aliingia hapa Darlaston akiwa kijana, vinanda vyetu vikiwa bado vipya. Kwa wale wa nyumbani wasiovijua: chini ya kila kitufe kuna kipande cha ukanda chenye sauti ya mtu au ala ya kweli. Ukibonyeza, sauti inatoka. Zikipita sekunde nane ukanda umeisha, kimya. Wilf ndiye aliyezirekodi, akazikata na kuzipanga. Amefufua vinanda vilivyomwagiwa bia. Kimoja alikikuta na kiota cha panya. Akawahamisha wenyewe kwanza, kwa heshima zote, ndipo akashika bisibisi.

Lakini mimi nikisikia jina la Wilf, namkumbuka Enid Hadley.

Mwaka juzi kanda zetu za waimbaji zilikuwa zimechakaa. Wilf akawaomba akina mama wa kwaya ya kanisa letu la Methodisti waje waimbe "aaa", noti moja moja, kila mmoja peke yake. Enid ndiye mwenye sauti ya juu. Alidhani ni kumbukumbu ya kanisa, na hakuna aliyemweleza zaidi.

Baadaye akapita kutuletea keki. Kijana mmoja wa bendi, nywele hadi kiunoni, alikuwa anajaribu kinanda. Akabonyeza kwa kidole kimoja. Keki ikaenda sakafuni.

"Huyo ni mimi!" Enid akapiga kelele. "We mtoto, toa kidole chako!"

Kijana wa watu akashtuka, mkono ukaangukia kitufe kingine. Hicho nacho kilikuwa Enid.

Watu walicheka. Wilf hakucheka. Jumapili iliyofuata Enid alisimama kwenye kwaya mdomo umefungwa, na iliyofuata vilevile. "Beryl, mwenzangu," akaniambia mlangoni, "kila nikitaka kuimba nahisi kuna mtu ananibonyeza." Mwanamke aliyeimba tangu utotoni!

Bosi wetu, Bwana Purslow, akasema kanda zimeshaahidiwa wateja, haziguswi. Wilf hakubishana. Alijifungia chumbani, tukasikia mlio kama wa fahali aliyekwama matopeni. Kumbe anajirekodi mwenyewe, kitufe kwa kitufe, kutoka chini hadi kule juu ambako hakufika. Kisha tukakipakia kinanda chenye kanda hizo kwenye gari, mimi nikishika upande mmoja, hadi sebuleni kwa Enid.

"Haya, mama," akamwambia, "huyu ni mimi. Nibonyeze utakavyo."

Enid akabonyeza. Wilf akatoka humo anakoroma. Akabonyeza vitatu kwa pamoja: akina Wilf watatu, wote wamepotea njia. Enid alicheka hadi akajifuta machozi kwa aproni.

Wilf, masikio mekundu kama nyanya, akamwuliza, "Kanda zako kule karakanani nizitoe, au niziache?"

Mimi nilishajua atasema ziache.

"Zitoe," akasema Enid.

Nusura niangushe kikombe. Wilf akajibu tu, "Sawa, mama." Kesho yake akazitoa zote, Purslow akifoka kwamba wateja watakimbia. Akaanza upya na mwimbaji mwingine, safari hii akimsikilizisha kwanza na kumweleza kila kitu. Jumapili Enid aliimba hadi nikaogopea vioo vya madirisha.

Sasa sikieni lililonishtua kuliko yote. Juzi mteja wa Leeds amesikia ukanda wa Wilf hapa karakanani, na anautaka! Anasema ndiyo sauti aliyoitafuta miaka yote. Sijui anaumwa nini. Purslow alikuwa ameshashika kalamu aandike ndiyo. Nimemwambia, "Hapana, bosi. Hakuna atakayembonyeza Wilf mpaka Wilf mwenyewe aseme."

Wilf, asante kwa yote. Mungu akupe afya, na liki zako, vile vitunguu vya majani marefu, zinenepe bustanini. Ukishasoma haya tujibu upesi, tafadhali: tumuuzie, au tusimuuzie?

Beryl Onions, chumba cha nyaya