Kiraka Asiye na Wimbo

Gu Tae-sik hakuwa na nguvu za kupiga mpira mbali, wala nafasi ya kudumu uwanjani, wala wimbo wa mashabiki, na hapa Busan hata mchezaji mbovu wa besiboli huimbiwa wake. Mama muuza samaki alimtambua ndani ya basi, nami nimeketi kando yao.

“Si wewe yule kiraka? Akiumia yeyote, unaingia wewe!”

“Nimestaafu, mama. Shule imeniomba nifundishe watoto. Barua ya kukataa hii hapa. Nitawafundisha nafasi gani?”

“Zote, mjinga wewe! Si umecheza zote?”

Tae-sik alicheka, akaazima kalamu yangu, akaandika upya kwamba anakubali. Gundi nayo hakuwa nayo. Mama akampa punje za wali wake, naye akabandikia bahasha. Basi liliposimama alishuka, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta, huku mama akimwimbia dirishani wimbo wa kubuni, kwa sauti mbaya kabisa.