Macho Juu, Miguu Chini: Tunamkumbuka Mwalimu Anga

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama una chungu motoni, punguza moto. Kama watoto wanagombana hapo sebuleni, waambie wanyamaze kidogo, watapigana baadaye. Leo sina mzaha mwingi. Leo tunamkumbuka mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu, na kila nikikitazama roho inaniuma.

Tunamkumbuka Mwalimu Anga. Alikuwa mwalimu wa jiografia, shule ya sekondari ya pale mlimani. Amefariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Mwalimu Anga hatunaye tena. Jina lake halisi wengi mnalijua, lakini hata mumewe alimwita Anga, kwa hiyo na mimi sitajifanya nina adabu kumzidi mwenye mke.

Kabla ya ualimu alikuwa ofisi ya hali ya hewa. Kazi yake ilikuwa kupokea picha za mawingu zinazotumwa na setilaiti. Picha inaingia, inapigwa mhuri, inawekwa kabatini. Siku moja akamuuliza mkubwa wake, "Hizi picha anazitazama nani?" Mkubwa akamjibu, "Si wewe?" Jibu hilo lilimkera mpaka akashindwa kula. Akaacha kazi yenye feni na kiti cha kuzunguka, akaenda kufundisha watoto wa watu kwenye darasa ambalo madirisha yake hayafungi. Jamaa zake walisema amechanganyikiwa. Yeye akasema afadhali achanganyikiwe mbele ya watu wanaouliza maswali.

Mumewe ni Fundi Redio, yule wa duka la kona, mnamfahamu. Juzi nilikwenda kumpa pole. Nilimkuta amekaa mezani kwake, redio za watu zimefunguliwa matumbo, na hakuna anayoigusa. Nikamuuliza walikutana vipi. Akacheka kwanza, halafu akajifuta macho.

"Alikuja dukani anataka antena ya kunasa setilaiti," aliniambia. "Nikamwambia, dada yangu, mimi hapa nanasa mpira na taarifa ya habari. Akacheka. Basi nilivyomwona anacheka, nikajua antena hiyo nitaitengeneza hata kwa vijiko vya mama."

Na akaitengeneza, jamani. Kwa nyaya na vipande vya bomba. Wanafunzi wanakwenda uwanjani saa za mapumziko, mmoja ameshika antena juu kama anatafuta embe, wengine wamekizunguka kiredio, kimya, hata kukohoa marufuku. Fundi amenipa kanda aliyorekodi siku zile. Sikilizeni kidogo.

Mmeisikia? Tiki-taka, tiki-taka. Hiyo si saa mbovu. Hiyo ni setilaiti ya hali ya hewa ikipita juu ya shule yetu, na ndani ya sauti hiyo kuna picha. Kompyuta ya shule, ile kongwe iliyokuwa inapumua kwa nguvu kuliko mgonjwa, ilikuwa inaichora mstari mmoja mmoja, kama mtu anayefuma sweta. Watoto wanaona mawingu, wanaona pwani, wanaona milima. Mmoja anapiga kelele, "Mwalimu, sisi tuko wapi?" Na yeye anaweka kidole, "Hapa. Chini ya wingu hili. Toka nje ulitazame." Wanakimbia nje wote, wanatazama juu, na kweli wingu lipo. Ee, raha gani ile! Setilaiti za namna hiyo zimeshanyamaza. Siku hizi picha zinashushwa kwenye mtandao, safi, zinaonyesha mpaka bwawa letu. Lakini waliokuwa uwanjani pale mpaka leo wakikutana wanaigizana ile tiki-taka, watu wazima na vitambi vyao.

Mwalimu Anga hakuwa anafundisha setilaiti kwa ajili ya setilaiti. Alitaka watoto waielewe tabianchi na mabadiliko yake, haya ambayo kila mtu anayazungumza na wachache wanaweza kuyaeleza. Aliwaambia hivi: "Hali ya hewa ni hasira za leo. Tabianchi ni tabia. Mtu huijui tabia yake kwa siku moja. Kaa naye miaka." Ndiyo maana alipenda setilaiti. Setilaiti inapita leo, inapita kesho, inapita mwakani, haichoki, haisahau, wala haina shemeji wa kumpendelea. Inapima joto la bahari, inaona misitu inavyopungua, inaona maji yanavyosogea.

Lakini alikuwa na sharti moja. Macho juu, miguu chini. Chochote mtakachokiona kwenye picha, mwende kwa miguu mkakiguse ndipo mfungue mdomo. Kila Jumamosi aliwapeleka bwawani, bwawa hili linalotunywesha mji mzima, wanapigilia vigingi vya rangi pale maji yanapoishia. Wazazi walilalamika kuhusu viatu. Yeye aliwajibu kwamba viatu vinafuliwa.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo kulipotokea jambo.

Palikuwa na mwanafunzi mmoja, msichana, aliyeitwa Kiherehere. Na jina lilimkaa. Akili nyingi, mdomo mwepesi. Mwaka ule Mwalimu Anga alisafiri kumuuguza dada yake. Kiherehere na wenzake wakashusha picha mpya ya bwawa. Picha zenyewe zinapakwa rangi kwa namna yake: maji yanatokea meusi, mimea inatokea myekundu. Wakatazama. Nusu ya bwawa ilikuwa nyekundu! Wakajua maji yamekimbia na nyasi zimeota pale pale. Wakataka kumfurahisha mwalimu akirudi. Ilikuwa Jumamosi, mvua inanyesha, bwawani hawakwenda. Walikuja hapa.

Ndiyo, hapa. Kwenye kipindi cha vijana. Kiherehere akashika kipaza sauti akatangaza kwamba nusu ya bwawa letu imekufa.

Mnakumbuka yaliyofuata? Mimi nakumbuka. Watu walijaza maji mpaka kwenye mabeseni ya kuogeshea watoto. Madumu yakapanda bei mchana ule ule. Mzee mmoja alijaza maji kwenye mabuti yake, naapa, nilimwona kwa macho yangu. Kesho yake meneja wa maji akawachukua waandishi kwa boti, akaingiza mti mrefu katikati ya ile nyekundu, ukazama wote. Maji yalikuwepo tele. Yalikuwa yamefunikwa na magugu maji. Setilaiti iliona majani, na majani kweli yalikuwepo. Yalikuwa yanaelea.

Mji ukacheka wiki nzima. Meneja alisema hapa redioni kwamba haraka haraka haina baraka. Mkuu wa shule akasema darasa la setilaiti lifungwe. Na yule msichana wakambatiza jina jipya: Jangwa. Akipita sokoni, "Jangwa, leo maji yapo?" Akaacha kwenda shule.

Mwalimu Anga aliporudi, hakupitia nyumbani kwake. Alikwenda na begi lake moja kwa moja kwa kina Kiherehere. Msichana amejifunika shuka, anasema hatoki. Mama yake ndiye aliyenisimulia. Mwalimu hakumbembeleza. Alimwambia, "Vaa viatu. Tunakwenda kutembea."

Wakatembea wawili tu mpaka bwawani. Mwalimu akamwambia aingize mkono kwenye magugu. Mkono ukazama mpaka kiwiko. Akamwambia, "Picha haikukudanganya, mwanangu. Wewe ndiye hukuimalizia. Jumamosi unarudi redioni."

"Kusema nini, Mwalimu? Watanicheka."

"Watakucheka. Useme ulichokigusa."

Jumamosi wakaja. Nilikuwa upande wa pili wa kioo. Akasema, "Nilikosea. Maji yapo. Yamefunikwa na magugu. Nimeyagusa." Mwalimu Anga akavuta kipaza sauti, akasema maneno machache tu: "Na mimi ndiye mwalimu wake." Basi. Hakujitetea, hakulaumu mvua, hakusema alikuwa safarini. Nimekuwa mtangazaji miaka mingi na nimewahoji wakubwa wengi. Wanaosema vile ni wa kutafuta kwa tochi.

Kuteleza si kuanguka. Mkuu wa shule aliona haya, darasa likabaki. Kiherehere akarudi shule. Na tangu hapo walifanya kazi kwa namna ambayo iliwachosha wengi: picha ya mwezi ule ule, kila mwaka, na vigingi vya mwezi ule ule, kila mwaka. Narudia, mwezi ule ule. Masika uilinganishe na masika, kiangazi na kiangazi. Hakuna kutangaza. Hakuna makelele. Wanafunzi wakahitimu, wakaja wengine. Vigingi vya zamani vikaachwa nchi kavu, mbali na maji, mbuzi wanajikunia. Setilaiti zikaonyesha maji ya bwawa yanazidi kupata joto, na magugu yanapenda joto, na mvua zinachelewa kuliko zamani. Ile tabia ikaanza kuonekana.

Kiherehere akasoma, akarudi mjini, akaajiriwa ofisi ya maji. Chini ya nani? Chini ya meneja yule yule wa boti. Dunia ina vichekesho.

Mwaka huu ndio ukawa mwaka wa mtihani. Mvua za kwanza zilikuwa za kuonja. Ukisimama kwenye ukuta wa bwawa, upande wa mjini, unaona maji mengi, unasema hakuna shida. Lakini kule nyuma, kwenye mikono ya bwawa ambako hakuna anayefika, picha zilionyesha udongo. Vipimo vya joto la bahari navyo vilionyesha mvua zinazofuata zitachelewa sana. Kiherehere akapiga hesabu. Kama mgawo wa maji hautaanza mapema, bwawa litakauka kabla ya mvua.

Meneja ameniruhusu niyaseme haya. Anasema alimwita ofisini akafunga mlango. Akamwambia, "Mwanangu, tukitangaza na tukakosea mara ya pili, siku ya shida ya kweli hakuna atakayetuamini. Mji huu utakunywa tope. Una hakika?"

Akamjibu, "Nimetembea, mzee. Mzunguko wote."

Meneja akasimama, akachukua kofia, akasema, "Nipeleke na mimi." Wakaenda wote wawili. Alirudi na malengelenge na saini yake ikawa kwenye tangazo.

Siku ya tangazo, Mwalimu Anga alikuwa kitandani. Binti yake, ambaye ni muuguzi, aliweka redio karibu na mto. Ananiambia mama yake alikuwa hali chakula vizuri, hasemi sana, lakini siku ile aliomba ainuliwe. Kiherehere akaja hapa, akakaa kwenye kiti hiki hiki. Akawaeleza wananchi polepole: tumeona nini, tumegusa nini, na hatujui nini. Akasema, "Wengi mnanikumbuka. Mimi ndiye Jangwa." Simu ya kwanza iliyopigwa ilikuwa ya mama mmoja wa sokoni. Nilijua sasa tunatukanwa. Yule mama akasema, "Wewe ulirudi ukasema umekosea. Tuambie mgawo unaanza lini."

Binti anasema mama yake alifumba macho, akasema, "Hakuharakisha." Akaomba uji. Akanywa kikombe kizima, na alikuwa hajanywa kikombe kizima kwa muda mrefu.

Mgawo ukaanza. Tulinung'unika, tusidanganyane. Mimi mwenyewe niligombana na jirani kwa ajili ya ndoo. Mwalimu Anga akaaga dunia mgawo ukiendelea, na mvua haijanyesha.

Tulimzika Jumamosi, kwenye jua kali. Kiherehere alichelewa. Alifika na viatu vimejaa tope mpaka kwenye vifundo, watu wakaanza kunong'ona, msiba gani huu mtu anakuja hivi. Fundi Redio akanyanyua kichwa. Akasema, "Mwacheni. Leo Jumamosi. Angekuja na viatu safi, mke wangu angemrudisha." Tukacheka, wasikilizaji wapendwa, makaburini pale, tukacheka na kulia kwa pamoja.

Kwa Fundi Redio, pole sana, kaka yangu. Kwa binti yake muuguzi, pole, umemuuguza mama kwa heshima. Kwa wanafunzi wake wote, walio hapa na walio mbali, poleni. Mungu ailaze roho yake mahali pema.

Kwetu sisi tuliobaki, nina ombi. Vijana wetu wanazo picha nyingi kuliko sisi tulivyowahi kuota, simu mkononi, dunia yote kiganjani. Mwulize mwanao leo: hiki ulichokiona, umekwenda kukigusa? Na siku atakapokosea mbele za watu, wewe mzazi, wewe mwalimu, je, utavuta kipaza sauti useme ni wako?

Miji miwili ya jirani mabomba yamekauka tangu mwezi uliopita. Yetu bado yanatoa. Leo ni zamu ya mitaa ya mlimani, kesho ni mitaa ya bondeni. Chota kinachokutosha, funga bomba vizuri.